Namba Zinazopotea Juani

Pothia, Kalimno
6 Mei 2019

Mpwa wangu Themelina,

Salamu zivuke bahari zikufikie hapo Pirea, kama moshi wa meli haujazinyonga njiani. Huku sote tu wazima. Mama yako mzima. Wiki hii amegombana na majirani watatu tu. Mkaza mjomba wako Sevasti mzima, na anasema umekonda. Nilipomuuliza amekuona wapi, akasema amekusikia kwenye simu, sauti imekonda. Pasaka tuliila vizuri. Mwanakondoo alikaa tanurini ndani ya chungu chake tangu Jumamosi, mpaka nyama ikaachia mifupa yenyewe. Vijana walilipua baruti mlimani kama kawaida, lakini hakuna hata mmoja aliyeungua nyusi, na wazee pale mkahawani wanasema vijana wa siku hizi hawana adabu wala ufundi.

Najua utauliza kwa nini nakuandikia na simu ipo. Simu anaishika Sevasti. Mimi hupewa masalia: "Anakusalimu, kata." Mambo ya kazi hayasemwi kwa masalia.

Basi jambo lenyewe. Ile kompyuta ya kuzamia uliyoniletea nilipotimiza miaka sitini na sita, ya kufungwa mkononi kama saa, ni mbovu. Usiudhike, hukuiunda wewe. Ndani ya maji haina neno: inanionyesha kina, muda, na dakika ngapi nisubiri kabla ya kuibuka. Lakini nikiwa juu, nimekaa kwenye ubao wa mashua saa sita mchana, nataka kujua nimepumzika kiasi gani kabla sijashuka tena, kioo chake kinakuwa cheusi kama kanzu ya padri. Nikigeuza mkono, kinakuwa cheupe. Nikigeuza tena, namwona mzee mwenye sharubu ananikodolea macho, kumbe ni mimi. Namba hakuna.

Juzi nilijifunika taulo kichwani ili niisome. Nomikos, ambaye tangu nimwajiri kwenye mashua yangu hajawahi kufunga mdomo hata wakati wa kutafuna, akawaambia wageni: "Nyamazeni, nahodha anaatamia." Wakapiga picha.

Niletee nyingine, au niambie dawa yake. Wewe ndiye fundi wa vitu hivi huko karakanani kwenu.

Sevasti anasema ule.

Mjomba wako,
Sakellaris


Pirea
17 Mei 2019

Mjomba wangu, nahodha unayeatamia,

Shikamoo. Mimi sijambo, na sijakonda. Mwambie mkaza mjomba kwamba sauti ilikuwa na mafua. Karakana imejaa. Msimu unaanza, na kila mzamiaji wa Ugiriki amekumbuka wiki hii hii kwamba mtungi wake wa hewa unavuja. Mwenye nyumba wangu amenunua kasuku anayeiga king'ora cha meli, kwa hiyo kila asubuhi nakurupuka nikidhani nimeachwa na meli ya nyumbani.

Kuhusu kompyuta. Sema kweli: huwa umevaa ile miwani yako ya jua ya kijani, ya wavuvi, inayokata mng'ao wa maji ili samaki waonekane? Kama umeivaa, kompyuta haina kosa. Miwani ile inachuja mwanga, na kioo cha kompyuta nacho kina chujio lake. Machujio mawili yakipingana, mwanga haupiti, unabaki na giza. Vua miwani. Kisha lipe jua mgongo, kivuli chako kiangukie mkono. Bonyeza kitufe cha chini mpaka taa ya kioo iwake yote. Futa chumvi iliyokaukia, na kama kioo kimekwaruzika, kilambe. Kikiwa na unyevu mikwaruzo hufichika na namba zinajitokeza.

Ukifanya yote hayo na bado huoni, niandikie tena.

Jingine dogo. Barua yako ilikuwa kurasa kumi na nne. Nimehesabu: mistari sita kila ukurasa. Zamani uliweza kunitukana mimi, serikali, na timu ya mpira ya Pirea, yote kwenye ukurasa mmoja, na ukabakiza nafasi ya salamu. Kalamu imenenepa?

Mpwa wako akupendaye,
Themelina


Pothia
4 Juni 2019

Themelina mpwa wangu,

Tu wazima. Mama yako amepatana na majirani wawili; wa tatu anamweka akiba. Joto limeanza, na Sevasti ameshahamishia meza uani.

Kalamu haijanenepa. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu nakuheshimu.

Nilivua miwani. Ulisema kweli, ila nusu: giza liliondoka, ukaja ukungu. Nikalipa jua mgongo. Nikabonyeza taa. Nikalamba kioo, nikakilamba sana, mpaka Nomikos akaja na kisu akaniuliza kama anikatie limau. Wageni wakacheka. Mmoja wao, mwanamke wa Kiholanzi aitwaye Maaike, mwalimu mstaafu, mzamiaji hodari kweli kweli, akanisogezea mkono wake nisome kompyuta yake yeye. Nikasema, "Naam, naam, vizuri sana," nikamrudishia mkono.

Kwa hiyo nimekurudishia kitu chako. Kimo ndani ya boksi hili, nimekiviringisha kwenye soksi safi. Asali ya mlimani ni yako, jibini imetoka kwa mama yako. Kipime, utaona mwenyewe. Pengine kinaogopa jua la Kalimno, maana kimezaliwa nchi za baridi.

Mjomba wako,
Sakellaris

Themelina, mimi Sevasti, naongeza hapa chini yeye akitafuta bahasha. Amenikataza kusema, nami nimeapa, kwa hiyo sisemi. Ila Jumamosi tulipita dukani pale gatini, mlangoni pana sanamu ya kuvalishia suti. Akaivulia kofia, akaiuliza mama yake anaendeleaje. Sijasema kitu. Ule.


Pirea
13 Juni 2019

Mjomba,

Shikamoo, na mama, na mkaza mjomba, na asali, ambayo imeisha. Mafua yamepona. Kasuku amejifunza pia sauti ya kengele ya mlango, na mimi nimejifunza kutofungua.

Nimekipima kitu chako. Kwanza nimekitia kwenye chungu chetu cha kubania maji, kinachoiga uzito wa bahari, nikakishusha mpaka mita hamsini bila kulowa hata kidole, kimesoma sawasawa. Kisha saa sita mchana nikakipeleka gatini, jua likiwa utosini, nikamwonyesha mzee anayeuza mbegu za maboga pale kwenye ngazi. Ana miaka themanini na miwili. Nikamwambia, "Babu, nisomee." Akasoma bila kukunja uso: "Ishirini na tatu, nukta nne. Ni joto la maji, siyo?" Kisha akaniuzia mbegu.

Kompyuta haina kosa, mjomba. Kinachobaki sikitaji, maana nimefundishwa adabu na mama yangu, ambaye ni dada yako. Nauliza tu: mama yake ile sanamu anaendeleaje?

Nimekurudishia. Nimeipanga iandike namba kubwa kuliko zote ilizo nazo. Na nakuomba, kabla hujashuka tena zaidi ya mita kumi, mwone daktari wa macho. Hatang'ata.

Themelina

(Pembeni mwa ukurasa, kwa penseli hafifu na herufi ndogo kama chawa:) Mjomba, nimechumbiwa. Anaitwa Panormitis, na kama jina lenyewe linavyokutangazia, ni mtu wa kisiwa cha Simi. Nimekwambia. Usije ukasema sikukwambia.


Pothia
9 Julai 2019

Mpwa wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Tu wazima. Mama yako mzima. Mbuzi wa Nomikos mzima.

Nilikuwa mapumzikoni kidogo. Mahali patulivu, pana kidirisha cha duara, na mhudumu mpole anakuchungulia mara kwa mara na kukuuliza kama masikio yanauma. Nimekaa humo saa tano siku ya kwanza, na saa tano siku ya pili. Nimetoka kama mpya, isipokuwa bega la kulia, na vidole viwili vimekuwa vivivu. Ndiyo sababu mwandiko umepinda. Mtu akikuletea habari nyingine, usimsikilize, hasa akiwa Nomikos.

Kompyuta ilifika. Namba ni kubwa, asante. Barua yako nimeisoma yote, neno kwa neno, hakuna hata moja lililonipita, na sina la kuongeza.

Mjomba wako,
Sakellaris


Pirea
15 Julai 2019

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina habari za kasuku.

Mahali penye kidirisha cha duara ambapo mtu huulizwa kama masikio yanauma, napajua pawili tu: ndani ya ndege, na ndani ya chumba cha shinikizo cha hospitali, wanamoingizwa wazamiaji walioibuka upesi. Ndege hujawahi kupanda. Ulisema Mungu angetaka upae asingekupa hilo tumbo.

Umepigwa na mashine. Hivyo ndivyo wazee wetu walivyosema, enzi za pampu ya mkono, mtu alipopanda haraka hewa ikamchemkia damuni. Sikusikia kwa Nomikos. Nimesikia kwako, kwa mwandiko wako uliopinda.

Nataka jibu la swali moja tu. Kioo kiliandika nini, na wewe ulisoma nini?

Themelina


Pothia
30 Julai 2019

Themelina,

Tu wazima. Mbuzi wa Nomikos amezaa. Joto kali. Bega linaendelea. Hakuna kilichotokea.

Usimpigie Sevasti. Anapika.

Mjomba wako


Pirea
6 Agosti 2019

Mjomba Sakellaris,

Shikamoo kwa mara nyingine, na nakuomba ukae chini kabla ya kusomewa barua hii. Nimesema kusomewa. Mpe mkaza mjomba.

Mkaza mjomba, hujambo? Nakula. Msomee yote, usiruke hata anapokunja uso.

Mjomba, uliniandikia kwamba barua yangu ya Juni uliisoma neno kwa neno. Pembeni mwa barua ile niliandika mstari kwa penseli. Mstari ule, kama ungeuona, ningeusikia ukelele wako hapa Pirea bila simu, na mama angekuwa ameshafunga madirisha. Hukusema kitu. Ndipo nilipojua kwa hakika. Nilikutegea, ndiyo, na sioni haya. Wewe ulinifundisha kutegea pweza kwa kitambaa cheupe.

Sasa nakwambia jambo bila mzaha. Baba yako, babu yangu, alitembea kwa fimbo mbili miaka thelathini. Namkumbuka akishuka ngazi za kanisa kinyumenyume kwa sababu magoti hayakumtii. Yeye hakuwa na kitu cha kumwambia asubiri dakika ngapi. Alikuwa na kamba tu, na mtu wa kumvuta. Wewe unacho, kimefungwa mkononi, kinakwambia, na huoni kinachosema.

Arusini kwangu wewe ndiwe utakayeongoza ngoma yetu ya mzamiaji aliyepooza, ile ambayo mchezaji wa mbele hutetemeka miguu akijishikiza kwenye mkongojo, na wanawake wanalia. Nataka uigize. Sitaki watu wasijue kama unaigiza.

Naam, nimesema arusi. Tazama penseli.

Nimekutafutia nafasi kwa daktari wa macho hapa, tarehe tano Septemba. Meli ya tarehe tatu. Usiponijibu, nitakuja mimi, na nitakuja naye.

Themelina


Pothia
22 Agosti 2019

Mpwa wangu Themelina,

Sikukuu ya Bikira imepita salama. Mama yako anakusalimu, naye amesimama nyuma yangu kuhakikisha naandika.

Sevasti alinisomea. Alipofika kwenye penseli nikamwambia, "Lete barua ya Juni." Akaileta. Nikamuuliza, "Kuna penseli hapa?" Akasema, "Ipo." "Umejua tangu lini?" "Tangu ilipofika." "Na hukuniambia?" Akasema, "Wewe si umeisoma neno kwa neno?" Kisha akaniambia ameshamfumia mchumba wako soksi. Mtu wa Simi, Themelina! Watu wanaodai mpaka leo kwamba wao ndio waliotufundisha kutafuta sifongo! Lakini hilo tutalizungumza ana kwa ana, nikiwa na nguvu.

Uliuliza swali moja. Najibu.

Ilikuwa tarehe pili Julai. Nilishuka na Maaike, yule mwalimu wa Kiholanzi, upande wa Telendos, kwenye nanga ya kale iliyolala mita thelathini na nane. Ilikuwa mara ya pili siku hiyo. Tulikaa sana chini, kosa langu, nilikuwa namwonyesha samaki aina ya mkunga ndani ya mtungi wa udongo uliovunjika. Tukapanda polepole mpaka mita tano, mahali pa kusubiri. Pale, wewe unapajua, mchanga ni mweupe, jua la mchana linapiga juu na kurudishwa kutoka chini, ni kama umo ndani ya taa. Nikatazama mkono. Nikaona mbili.

Iliandika kumi na mbili. Ile moja ya mbele ni nyembamba, mwanga uliimeza. Lakini kusema kweli, hata ile mbili niliikisia. Nimekuwa nakisia tangu mwaka jana. Chini kwenye giza naona vizuri, nikajiambia basi, ni jua tu.

Nikangoja dakika zangu mbili nikamwashiria Maaike tupande. Akatikisa kichwa. Akanyoosha mkono wake nione namba zake. Nikatazama, sikuona, nikaashiria tena: panda. Mimi ndiye kiongozi. Akanishika pezi, Themelina. Mwanamke wa miaka sitini na mitatu amenishika mguu asiniache niende, na mimi nikampiga teke nikapanda. Nikamwacha peke yake chini. Miaka arobaini sijawahi kumwacha mtu chini.

Na hayo si mabaya zaidi. Nilipofika mashuani nikamwambia Nomikos, "Waholanzi waoga," tukacheka. Nilikuwa bado nacheka bega lilipoanza kuwasha. Kisha mkono ukawa kama umejaa siafu. Maaike alipoibuka baada ya dakika zake, hakunifokea. Alinitazama, akamwambia Nomikos awashe injini, akanivika hewa ya oksijeni yeye mwenyewe, akanishikilia mkono mpaka Pothia. Kama angenitii, tungekuwa wawili kwenye kile kidirisha. Na yeye labda asingetoka.

Hicho ndicho kilichotokea. Sikukwambia kwa sababu nikikwambia kinakuwa kweli. Na watu wakijua nahodha haoni, nani atapanda Kalotina? Mashua ina jina la mama yangu. Sikutaka ioze gatini ikiwa na jina lile.

Jumatatu nilikwenda kwa daktari wa macho hapa hapa, nikajifanya nampeleka Sevasti. Daktari akamwangalia Sevasti nusu dakika, akasema, "Mama hana tatizo, hebu kaa wewe." Walikuwa wamepanga. Akanimulika, akaguna, akasema nina mtoto wa jicho, kila jicho na wake. Sevasti alianza kucheka hadi akashika ukuta, na mimi nikacheka, na yule daktari hakujua tunacheka nini. Miaka thelathini na minane tumewasha mishumaa makanisa yote ya kisiwa hiki tukiomba mtoto, na leo, na uzee huu, nimepewa mapacha.

Nitapanda meli ya tarehe tatu.

Mjomba wako,
Sakellaris


Pirea
28 Agosti 2019

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika, mara ya pili nikalia kwa ajili ya yule Maaike, mara ya tatu kwa ajili yako. Sitakufokea zaidi, umeshajifokea, na unajua kufoka kuliko mimi.

Kasuku ameanza kuita jina langu, kwa hiyo ukifika ukasikia unaitwa Themelina, usiitikie.

Daktari atakutoa mtoto wa jicho la kulia kwanza, wa kushoto baada ya Krismasi. Utakaa kwangu wiki mbili. Hutainama, hutabeba kitu, hutazamia mpaka aseme. Mimi nitakuwa kazini meli itakapoingia, kwa hiyo atakupokea Panormitis. Utamtambua: ni mrefu, ana masikio makubwa, na atakuwa anatetemeka. Nimemwambia ulivyo. Nimepunguza kidogo ili asikimbie.

Na kabla hujapanda meli, mwandikie Maaike. Siyo mimi wa kuombwa radhi.

Themelina


Pothia
14 Oktoba 2019

Mpwa wangu Themelina, na huyo wako wa Simi,

Salamu kwenu nyote wawili, na kwa kasuku, ambaye mpaka leo namwota. Tu wazima kweli kweli. Mama yako amegombana na majirani wote, sasa ana amani. Tazama barua hii: ukurasa mmoja na nusu, na nimebakiza nafasi ya matusi.

Niliporudi, Sevasti alisimama mlangoni amevaa gauni la Jumapili. Akaniuliza, "Haya, unanionaje?" Miaka thelathini na minane ya ndoa imenifundisha kulitambua swali la hatari. Nikamwambia, "Subiri jicho la pili." Akanipiga na kitambaa cha jikoni. Lakini nilimwona, Themelina. Ana alama ndogo juu ya mdomo, niliisahau kabisa. Nilimtazama mpaka akaona haya akaenda kuinjika kahawa.

Sasa kuhusu Panormitis. Alinishika mkono kwenye ngazi za meli kama nabeba mayai, na wiki mbili nzima hakubishana nami hata mara moja, jambo lililonichosha sana. Siku ya mwisho nikamwambia watu wa Simi walijifunza kuzamia kutoka kwetu. Akafikiri, akasema, "Mjomba, hilo si kweli." Basi. Olewa naye.

Maaike nilimwandikia, kwa Kiingereza changu cha mashuani, nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe, hata lile la kucheka na Nomikos. Akajibu kwa kadi yenye picha ya ng'ombe: "Nakuja Oktoba. Nitaongoza mimi." Akaja. Kabla hatujapanda mashuani niliwaita wageni wote na Nomikos, nikawaambia kilichotokea Julai, na kwamba jicho moja limesafishwa na moja bado, na asiyetaka kushuka nami asione haya kusema. Bwana mmoja alibaki gatini. Sikumlaumu. Wengine wanne walipanda.

Tulishuka jana, mimi na Maaike, mita kumi na nane tu, daktari hakutaka zaidi. Yeye mbele, mimi nyuma kama bwana harusi aliyekodishwa. Tuliporudi mita tano ilikuwa saa sita mchana, jua utosini, mchanga unawaka vilevile. Nikageuza mkono. Tatu. Themelina, ilikuwa tatu, na chini yake sekunde zinakwenda, moja moja, kila moja na mahali pake. Maaike akanionyesha wake. Tatu. Nikasoma mpaka jina la kiwanda na zile herufi ndogo kando ya kitufe.

Nikatazama juu, nikaliona tumbo la Kalotina. Limeota ndevu za kijani urefu wa mkono. Nomikos aliniambia amelikwangua kabla ya Pasaka. Hilo nimeliweka.

Sifuri ikafika. Maaike akainua kidole gumba, tupande. Nikatikisa kichwa. Nikamwonyesha vidole kumi. Akanitazama ndani ya kioo cha uso muda mrefu, kisha akakunja mikono, akabaki nami. Hakuna aliyetuamuru, hewa ilikuwepo ya kutosha, na kompyuta haikuomba. Tulikaa dakika kumi, zile nilizozikimbia Julai, tukining'inia kwenye ule mwanga, mimi nikizisoma zote mpaka ya mwisho. Nililia kidogo. Ndani ya maski ni tabu, maji hayana pa kwenda.

Ndipo tukapanda. Tulipotoa vichwa juu tukamkuta Nomikos amesimama ukingoni mwa mashua, amevua shati na kiatu kimoja, boya limemkaba kiunoni, anapiga ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto maana wa kulia umeshika kamba. Wageni wanne wamemshikilia suruali.

Nikamwuliza, "Unakwenda wapi?"

Akasema, "Mmechelewa. Nakuja kukutoa."

Themelina, tumefanya kazi pamoja miaka ishirini na moja. Nomikos hajui kuogelea.

Mjomba wako,
Sakellaris